Dakika 12 za kuongea na Uingereza ukiwa Kakamega: nunua sauti kwanza

Mulembe dada, na pole kwa kungoja. Swali lako nimelisoma mara mbili na wacha niliweke hapa kwa ufupi ndio wengine wafuate: wewe ni nesi mkunga kaunti ya Kakamega, kazi yako ya kupima damu anayopoteza mama baada ya kujifungua imekubaliwa kwa mkutano wa wakunga Uingereza mwezi wa tano, nauli na viza haziwezekani, wamekubali uongee kwa video dakika 12 na maswali dakika 5, kikao ni saa nane na dakika ishirini mchana saa za kwao. Una elfu sita, simu ya kawaida, na laptopu ya zamani ya dadako. Unauliza ununue kamera gani, na je watakuchukulia kama msemaji wa kweli ama kama mtu wa kujaziliza ratiba tu.

Kamera usinunue. Hata moja. Hizo pesa zote ziende kwa sauti, kwa intaneti na kwa chumba, na hilo swali la pili nitakujibu lakini acha nilijibu baada ya hili kwa sababu majibu yake yanategemeana.

Mimi hii kazi ya kuunganisha wasemaji walio mbali nimeifanya Kisumu na pande hizi za magharibi miaka mingi sasa, na kitu nimeona tena na tena ni kwamba watu wanavumilia picha mbaya lakini hawavumilii sauti mbaya. Picha ikikwama, uso wako ukabaki umefumba jicho moja kwa skrini, watu wanaendelea kukusikiliza na hata wanaandika. Sauti ikikatikakatika dakika moja tu, utaona ukumbi mzima unatoa simu mfukoni. Wameshaondoka hata kama bado wamekaa.

Nikiwa bado mgeni kwa hii kazi niliwekea daktari mmoja mitambo kwa hoteli fulani hapa mjini, chumba cha juu kabisa, waifai ya nguvu, kamera tulikodi ya bei, taa mbili, kila kitu. Hakuna mtu aliangalia juu. Juu kulikuwa na dari nyembamba halafu mabati. Saa kumi kasoro hivi mvua ikashuka kutoka upande wa Nandi, na wewe unajua mvua ya huku haibishi hodi, na upande wa pili wakaanza kusikia kitu kama karanga zinakaangwa kwa sufuria kubwa. Daktari alikuwa anaongea vizuri tu, uso wake unaonekana safi kama wa televisheni, lakini hakuna aliyesikia neno. Msimamizi wa kikao akamwambia asante daktari, tumpe nafasi anayefuata. Kazi ya miezi ikaishia hapo. Nilimuona vile alivyofunga laptopu pole pole na sijawahi kuisahau hiyo siku, ndio maana nakuandikia kirefu hivi.

Sasa angalia saa yako. Uingereza mwezi wa tano wako kwa saa za kiangazi, kwa hivyo tumewapita kwa saa mbili, sio tatu. Saa nane na dakika ishirini yao ni saa kumi na dakika ishirini jioni yetu. Ukihesabu tatu vile watu wengi wamezoea, utaingia saa moja baadaye ukute wanakunja waya. (Wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, Marekani nao hubadilisha tarehe zingine kabisa, kwa hivyo mkutano wowote ukiwa karibu na hizo wiki andika muombe wakuthibitishie kwa saa za Nairobi, kwa maandishi.) Lakini mimi kinachonishtua sio hesabu, ni kwamba saa kumi jioni mwezi wa tano Kakamega ndio saa yenyewe ya mvua. Unajua vile huko kwenu asubuhi jua linawaka, nguo zinakauka, ikifika saa tisa wingu limekaa, na radi. Kwa hivyo chumba chako ndio kifaa cha kwanza, na pengine cha bei rahisi kuliko vyote.

Tafuta chumba chenye slabu juu, yaani ghorofa, na usikae ghorofa ya mwisho kama juu yake ni mabati. Chumba cha mikutano cha hospitali kama kiko chini ya ghorofa nyingine ni sawa, ofisi ya rafiki mjini ni sawa, ofisi ya kanisa yenye slabu ni sawa. Kama ni lazima uwe nyumbani na nyumba ni ya mabati, basi kile chumba chenye dari ya mbao na vitu vingi, mara nyingi ni chumba cha kulala, kwa sababu godoro, mablanketi na nguo zinameza mwangwi. Mwalimu mmoja wa Vihiga tulimsimamishia magodoro mawili ukutani, moja nyuma ya laptopu na lingine nyuma yake mwenyewe, tukatandika leso kwa meza ndio mkono wake ukigusa meza usisikike kama ngoma, na sauti yake ilitoka tamu kuliko ya watu waliokuwa kwa ukumbi wenyewe. Hiyo ilikuwa gharama sufuri. Lakini mvua kubwa juu ya mabati hata magodoro hayaizuii, hiyo nakwambia ukweli, na ile sehemu ya kupunguza kelele iliyo ndani ya Zoom inasaidia feni na magari ya mbali ila kelele ikizidi inaanza kukula na maneno yako pia. Slabu, dada. Tafuta slabu.

Haya, maiki. Maiki iliyo ndani ya laptopu iko kama mkono mzima kutoka mdomoni kwako, na sauti ina tabia moja: ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayofika kwa maiki inabaki robo. Kelele za chumba nazo hazipungui, ziko pale pale. Kwa hivyo kazi yote ya kupata sauti nzuri ni kusogeza maiki karibu na mdomo, basi, hakuna siri ingine. Hata zile hedifoni za waya za masikio zilizokuja na simu, zenye kile kijimaiki kwa waya, zinashinda laptopu ya bei ghali kwa sababu tu ziko karibu. Ukitaka nzuri zaidi nunua ile maiki ndogo ya kubana kwa nguo. Inayopatikana sana hapa kwetu ni Boya BY-M1, ukitafuta vizuri Kisumu ama Nakuru haikumalizii hizo elfu sita hata nusu, ina waya wa mita 6, na inaingia kwa simu na kwa laptopu yenye lile tundu moja la hedifoni. Kama simu yako haina tundu la duara unaongeza kaadapta kadogo.

Na hapo kwa hiyo maiki kuna kitu nataka ushike, kwa sababu watu wananipigia simu wakisema imekufa kumbe haijafa. Ina kijisanduku katikati ya waya, kina swichi. Upande mmoja ni wa kamera, na huo unatumia betri ndogo ya duara. Upande mwingine ni wa simu, huo hauhitaji betri. Ukiweka upande wa kamera ukachomeka kwa simu, sauti inatoka mbovu ama haitoki kabisa. Weka upande wa simu, bandika na selotepu ndio isisogee, umalize.

Ibane kifuani, kiasi cha upana wa kiganja kimoja chini ya kidevu, juu ya nguo sio ndani. Wewe ni nesi, kwa hivyo toa ile saa ya kifuani na utoe kitambulisho cha shingoni kabla hujaanza. Najua unataka wakuone ukiwa na sare na mimi naona ni vizuri sana uvae sare, lakini kile kitambulisho kikigonga maiki kila ukipumua, kule ukumbini kwa spika kubwa kinasikika kama mtu anapiga mlango.

Hedifoni za bluetooth wacha. Najua zinapendeza na hazina waya, lakini zikianza kutumia maiki yake zinashusha ubora wa sauti zenyewe, ndio unasikia mtu anatoa sauti ya ndani ya mkebe, halafu zinachelewesha na betri inaisha katikati. Waya haujawahi kuniangusha kama betri.

Picha sasa, haraka. Kaa ukiangalia dirisha, sio dirisha likiwa mgongoni. Inua laptopu kwa vitabu mpaka kamera iwe usawa wa macho yako. Kama kamera ya laptopu ni mbovu sana, simu yako inaweza kufanya kazi ya kamera kwa programu kama DroidCam ambayo haina gharama, lakini mimi kwa mtu anayefanya mara ya kwanza simshauri, ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Jioni yenye wingu chumba kitakuwa na giza, kwa hivyo taa moja ya meza mbele yako, nyuma ya laptopu, ikiangalia ukuta mweupe ama karatasi nyeupe ndio mwanga ukurudie usoni ukiwa laini. Imetosha.

Tuje kwa intaneti, na hapa ndio watu wanapoteza pesa. Watu wakipima kasi wanaangalia ile namba ya kushusha kwa sababu ndio kubwa na inafurahisha. Wewe unayeongea angalia namba ya kupandisha. Zoom kwa video ya kawaida inataka kama kilobiti 600 kwa sekunde kupandisha, na sauti peke yake inataka kilobiti 60 mpaka 80 tu. Piga hesabu na mimi: kilobiti 600 kwa sekunde, ukigawa kwa nane kwa sababu mega za bando huhesabiwa kwa baiti na baiti moja ni biti nane, ni mega 270 kwa saa kwa upande mmoja, ukiongeza na zile zinazoingia ni kama nusu giga kwa saa, wakati mwingine zaidi. Sauti peke yake haifiki mega 40 kwa saa kwa kila upande. Ona hiyo tofauti! Kwa hivyo siku yenyewe ukiwa unasikiliza wengine asubuhi, zima video yako, na kuna chaguo la kuzima video zinazoingia pia, ubaki na sauti na slaidi, ndio usimalize bando kabla zamu yako haijafika. Zima pia ile video ya ubora wa juu kwa mipangilio. Na simu zote za nyumbani zilizounganishwa kwa hiyo hotspoti yako ziondoe, na zile programu za simu zinazojisasisha zenyewe usiku na mchana zizuie, maana hizo ndizo wezi.

Kuwa na laini mbili za kampuni tofauti, moja kwa simu yako na nyingine kwa simu ya kuazima, zote zikiwa na bando. Pima zote mbili kwa kile chumba chenyewe, sio nyumbani, na upime saa kumi na dakika ishirini jioni siku tatu tofauti, ikiwezekana moja iwe ya mvua. Mtandao wa saa nne asubuhi sio mtandao wa saa kumi na moja jioni watu wakitoka kazini. Nimeona mtu anapima asubuhi anapata kasi nzuri, anajiamini, jioni inakuwa robo yake. Kama hospitali ina faiba, omba waya, sio waifai, chomeka moja kwa moja.

Stima ikipotea je? Laptopu ya zamani pengine betri yake inashika nusu saa, ipime kabisa: ijaze, chomoa, iwashe Zoom, hesabu dakika. Hotspoti ya simu haijali stima, ndio uzuri wake, ila simu ikitoa hotspoti inakula chaji na inachemka, kwa hivyo pawabanki iwe imejaa. Ukitumia ruta ya faiba kumbuka stima ikienda na ruta inaenda, hata kama laptopu iko hai.

Sasa kitu ambacho ningekuomba ufanye hata kama hutafanya mengine yote. Rekodi wasilisho lako mapema. Zoom ile ya bure inakuruhusu kurekodi ndani ya kompyuta, kwa hivyo ingia peke yako, fungua slaidi, bonyeza rekodi, ongea dakika zako 12 kama kwamba wako hapo. Una dakika 40 za mkutano kwa ile ya bure, inatosha kurudia mara mbili tatu. Faili kwa kawaida haitafika hata mega 100, ipandishe kwa Google Drive, mtumie msimamizi wa kikao siku mbili tatu kabla, na umwambie wazi: nitaongea moja kwa moja, lakini nikipotea zaidi ya dakika moja tafadhali cheza hii, mimi nitarudi kwa maswali. Pamoja na hiyo mtumie slaidi kwa PDF. Kwa nini PDF? Kwa sababu intaneti ikidhoofika sana, yeye anasogeza slaidi kule kwake, wewe unaongea kwa sauti tu, unasema slaidi inayofuata, na zile kilobiti 80 hata laini dhaifu inazibeba. Hiyo ngazi nzuri ya kushuka iko hivi: video na slaidi, ikikataa sauti na wao wasogeze slaidi, ikikataa wacheze rekodi. Mwezi wa tano 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba kwa siku kadhaa. Hiyo haina maiki wala slabu ya kuizuia. Aliyekuwa ametuma rekodi yake alisikika, aliyekuwa hajatuma hakusikika.

Slaidi zenyewe ziwe na maandishi makubwa na machache, na vile vitu vya kurukaruka toa, kwa video vinafika vikiwa vimekatika. Picha za akina mama usiweke uso wala jina wala namba ya faili, hiyo ni heshima yao na pia ni sheria, tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na usiongelee wodini, hata kama wodi ina waifai nzuri.

Swali lako la pili sasa, la kuchukuliwa kama msemaji wa kweli. Nakwambia hivi, kongamano la wakunga la dunia nzima lililokuwa lifanyike Bali 2020 lilisukumwa mpaka 2021 na likafanyika mtandaoni, wakunga wote, wakubwa kwa wadogo, wakawa vile vile utakavyokuwa wewe, uso ndani ya kisanduku. Na kabla ya hapo, tangu 2003, mpango wa ECHO ulioanza chuo kikuu cha New Mexico huko Marekani umekuwa ukifundisha madaktari wa vijijini kwa video. Kwa hivyo wewe sio wa kujaziliza. Lakini nitakuwa mkweli: mkutano wenye watu ukumbini na mmoja kwa skrini, yule wa skrini husahaulika. Sio kwa ubaya, ni vile tu hayuko kwa foleni ya chai. Na dawa yake sio kamera nzuri. Dawa yake ni mtu.

Tafuta mtu mmoja aliye ndani ya ule ukumbi awe mikono na macho yako. Waandikie waandaaji leo, wape jina lako na kikao chako, waulize nani atakuwa msimamizi na nani ni fundi wa sauti wa chumba hicho, na kama kuna Mkenya ama mtu wa Afrika Mashariki anayehudhuria omba wakuunganishe naye. Huyo mtu utamuomba vitu vitatu vidogo. Awe na WhatsApp wazi wakati wa kikao chako akuandikie kama unasikika, maana wewe huwezi kujua. Mtu akiuliza swali bila maiki, amwambie msimamizi alirudie kwa maiki. Halafu wakati wa chai abebe simu yake na wewe uwe ndani kwa video, akutambulishe kwa watu wawili ambao umemtajia majina mapema, wale ambao kazi yao umeisoma. Dakika tano kwa kila mmoja. Nimeona ushirikiano wa miaka ukitoka kwa dakika tano za namna hiyo, mpimaji ardhi mmoja wa Nakuru alibebwa hivyo kwa simu karibu na meza ya mandazi ya wenyewe huko ng'ambo na leo anafanya kazi na wale watu.

Fundi wa sauti naye muulize swali moja tu: je, maiki za ukumbini zinaingia ndani ya Zoom? Utashangaa mara ngapi haziingii. Ukumbi unakusikia wewe vizuri, lakini wewe unasikia ukumbi kupitia maiki ya laptopu moja iliyo mbele, kwa hivyo swali la mtu wa nyuma linakufikia kama mnong'ono. Omba jaribio la mitambo siku moja kabla, dakika 10, na kwa jaribio hilo usijaribu tu sauti yako kwenda, jaribu na ya mtu aliyekaa kiti cha nyuma kuja.

Ukiongea, jua kuna kuchelewa kidogo, kwa hivyo ukimaliza sentensi kubwa pumua kabla ya kuendelea, na ukiulizwa swali subiri sekunde mbili ndio msigongane. Angalia ile lenzi, sio nyuso zao. Bandika picha ndogo ya mtu unayempenda karibu na lenzi uongee naye, inasaidia kweli. Hutasikia mtu akicheka wala akiguna, usidhani wamechoka, ni maiki zao zimefungwa. Na slaidi ya mwisho weka msimbo wa QR unaofungua WhatsApp yako moja kwa moja, kiungo cha wa.me na namba yako inayoanza na 254, iache hapo muda wote wa maswali. Mtu akiwa ukumbini anainua simu tu, tayari mko pamoja.

Vikao vingine pia ingia, sio chako tu. Uliza kwa maandishi, mistari miwili, na uanze na jina lako na mahali ulipo: naitwa fulani, mkunga, Kakamega, Kenya. Wasimamizi wanapenda kusoma swali linalotoka mbali na ukumbi mzima unageuka. Kama wenzako wa wodi wanataka kusikiliza, waombe waandaaji ruhusa mkae chumba kimoja kwa projekta, lakini kifaa kimoja tu kiwe na maiki na spika wazi, vingine vyote vinyamazishwe na sauti ishushwe, la sivyo mtapata ule mlio wa kupasua masikio.

Ada nayo: usilipe bei uliyoiona kwanza. Kenya iko kwa kundi la nchi za kipato cha kati cha chini kwa hesabu ya Benki ya Dunia, na mikutano mingi ina bei ya chini ama msamaha kwa nchi hizo, ila lazima uombe. Kama wanataka kadi na huna, ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay ya Visa, iliyoanza 2022, inafanya kazi kwa malipo mengi ya nje. Omba pia cheti kinachosema uliwasilisha, sio ulihudhuria, utakihitaji kwa pointi za kuendelea na masomo ukihuisha leseni. Na barua yao ya kukukubali ipeleke kwa mkubwa wako wa zamu sasa hivi uombe ile siku nzima, sio masaa mawili, mtu hawezi kutoka kuzalisha saa kumi kamili aongee na dunia saa kumi na dakika ishirini.

Kwa hizo elfu sita zako mimi ningenunua maiki, adapta, hedifoni za waya za akiba, bando kwa laini mbili, na zinazobaki ziwe za kumshika mkono mwenye chumba chenye slabu. Anza na chumba wiki hii, vingine vinangoja.

Halafu ukishapata chumba na maiki, niambie siku na saa. Nitaingia Zoom nikiwa hapa Kisumu nikusikilize dakika zote 12, nikwambie pale unapopotea. Tufanye saa kumi na dakika ishirini jioni, na tuombe inyeshe.